Kazi ya Mwanafunzi Chuoni: Wajibu wa Wote au Sadaka kwa Maskini?

Katika jamii yoyote, kanuni zinazoamua nani apewe kazi huonyesha pia jamii hiyo inaithamini kazi kwa kiasi gani. Kwa hiyo makada na wanafunzi hawana budi kuzichambua kanuni za ajira za wanafunzi katika vyuo vikuu vya Marekani. Wapo vijana wetu wanaosoma huko, na wapo wasomi wetu wanaozisifu bila kuzichunguza.

Mpango wa Serikali ya Marekani wa kazi za wanafunzi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, wakati Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini. Mwanafunzi hapati kazi ya mpango huo, iwe ya maktaba, maabara au jikoni, mpaka ajaze fomu ya mapato ya familia yake na ithibitike kuwa ana uhitaji. Akishafikia kiwango cha fedha alichopangiwa, malipo ya mpango hukoma, hata kama kazi bado ipo. Mgeni mwenye viza ya F-1 hahusiki na mpango huo kabisa. Anaruhusiwa kazi nyingine za chuoni, lakini si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea.

Tuseme ukweli: kanuni hizo zina mema yake. Mwanafunzi halipwi chini ya kima cha chini cha sheria, na ni marufuku kumwondoa mfanyakazi wa kawaida ili nafasi yake apewe mwanafunzi. Kada anayezidharau kinga hizo eti kwa sababu zimeandikwa na mabepari hajui kuchambua.

Kasoro iko kwenye shina. Kazi imefanywa dawa ya umaskini. Mtoto wa tajiri husoma. Mtoto wa maskini husoma na kuosha vyombo. Wote wawili hutoka chuoni wakiamini kuwa jasho ni la asiye nacho.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alianzia mahali pengine. Hakuuliza nani ni maskini, aliuliza jamii inahitaji nini. Wakati ule baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu walifanya kazi katika ofisi za Serikali wakati wa likizo kwa malipo ya kawaida. Yeye alipendekeza wafanye miradi inayohitajiwa na wananchi, na kazi hiyo ipewe alama zinazohesabiwa katika mtihani.

Hata hivyo, wazo sahihi lisilo na kanuni huharibika. Kazi ya wote isiyo na saa maalumu wala malengo hugeuka adhabu: jembe hupewa aliyechelewa darasani, na mavuno humfaidi mkubwa.

Basi chuo chetu chochote kinachotaka kuanzisha kazi za wanafunzi kipimwe kwa maswali matatu. Je, kazi hiyo inamhusu kila mwanafunzi? Je, saa na malipo vimeandikwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuvisoma na kuvidai? Je, mfagiaji na mpishi wa chuo wanabaki na ajira zao? Mwenye shida asaidiwe kwa mkopo au ruzuku. Kazi isifanywe cheti cha umaskini. Jibu la swali lolote likiwa hapana, wajibu wa kada ni kulisema hilo waziwazi ndani ya vikao.