Pistoni za Kughushi: Uhakiki wa Istilahi za Kutayarisha Bloku ya Injini

Aghalabu tunapojadili istilahi za ufundi huchukulia kwamba kosa la neno ni kosa la karatasi. Likigunduliwa hufutwa, chapa ya pili hutolewa, na mambo yakaendelea. Katika ufundi wa mitambo sivyo. Neno likisomwa vibaya mbele ya mashine ya kuchongea, chuma hukatwa, na chuma kilichokwisha katwa hakirudi kilivyokuwa. Ndiyo maana tumeona yafaa kuhakiki karatasi za maelekezo zinazopita mikononi mwa mafundi wa magari mjini Babati. Zimefasiriwa kutoka Kiingereza, hazina jina la mfasiri wala la mchapaji, nazo hueleza jinsi ya kuchagua na kutayarisha bloku ya injini itakayofungwa turbo ya nguvu kubwa.

Haja ya maelekezo hayo mahali hapo si ya kushangaza. Babati ni njia panda: barabara itokayo Arusha hugawanyika hapo, moja ikishuka Kondoa na Dodoma, nyingine ikielekea Katesh na Singida. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na gari liendalo Mbulu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuanzia Dareda. Kadiri gari linavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na injini ivutayo pumzi kwa nguvu zake yenyewe hupoteza nguvu. Turbo hutumia msukumo wa moshi unaotoka kuzungusha feni, nayo feni hushindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu huongezeka, na pamoja nayo joto na shinikizo juu ya kuta za bloku. Kwa hiyo bloku huchaguliwa na kupimwa kabla ya turbo kununuliwa.

Sifa za karatasi hizo

Haki ya mfasiri itangulie. Sehemu inayohusu kuchagua bloku imeandikwa kwa Kiswahili chepesi na cha kweli. Mfasiri hakujaribu kubuni majina mapya ya vitu ambavyo fundi anavijua: pistoni, ringi, silinda, hedi, gasketi na slivu vimebaki hivyo hivyo. Vilevile ametumia "uwiano wa mgandamizo" mahali pake, na mfano alioutoa unaeleweka. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyozoeleka katika Land Cruiser za nchi yetu, ina silinda 6 zenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100. Ndugu yake 1HD-T ina vipimo hivyo hivyo, na zote mbili zilitoka mwaka 1990. Hata hivyo ya kwanza haikuundwa kwa turbo, na uwiano wake wa mgandamizo ni 22.4 kwa 1; ya pili ilitoka kiwandani na turbo, na uwiano wake ni 18.6 kwa 1. Mwenye kusema kwamba injini hizo ni "saizi moja" amesema kweli kuhusu kipenyo na amepotosha kuhusu uwezo wa kubeba turbo. Hapo istilahi moja sahihi imefanya kazi ambayo maelezo marefu yasingeifanya.

Makosa ya kamusi

Matatizo huanza mfasiri anapofika katika kutayarisha. Hapo ameonekana kufungua kamusi ya jumla na kuchukua neno la kwanza alilolikuta.

Kosa kubwa kuliko yote ni "pistoni za kughushi". Karatasi zinashauri kwamba injini ya nguvu kubwa ifungwe pistoni za kughushi badala ya pistoni za kawaida. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuelewa maneno hayo ila kwa maana moja: pistoni za bandia, zilizotiwa alama ya kiwanda ambacho hakikuzitengeneza. Kinachokusudiwa ni kinyume kabisa. Ni pistoni ambazo madini yake yamegandamizwa kwa nguvu yakiwa moto mpaka yakashikamana, jambo linalozifanya zistahimili shinikizo kuliko zile za madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mhunzi na kwa mdanganyifu wa hati. Kiswahili kina vitenzi viwili tangu zamani: mhunzi hufua, mdanganyifu hughushi. Tena kwa chuma kilichomiminwa tuna kitenzi kusubu. Basi tunazo pistoni za kufua na pistoni za kusubu, na bloku yenyewe ni ya chuma cha kusubu. Mfasiri alikuwa na mali nyumbani, akaenda kukopa.

Watumishi wa serikali nao wasidhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Ofisa ugavi akiandika katika masharti ya zabuni kwamba vipuri vya kughushi havitapokelewa, naye mzabuni akaleta pistoni zilizoelezwa kwa lugha ya karatasi hizi, kipuri bora kitakataliwa kwa sababu ya neno. Na mwenye vipuri bandia atapata mahali pa kujificha: ataweza kusema kwamba kughushi ni namna ya utengenezaji.

Kosa la pili ni "kibali cha pistoni". Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana moja forodhani na nyingine karakanani. Forodhani ni idhini ya kutoa mzigo. Karakanani ni uwazi mdogo ulioachwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda, ambao hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Pistoni ikipata joto hutanuka. Pistoni za kufua kwa kawaida huhitaji uwazi mkubwa zaidi kidogo kuliko za kusubu, na injini ya turbo ina joto zaidi. Fundi asomaye kwamba "kibali kiongezwe" hataelewa aongeze nini. Neno "nafasi" linatosha.

Kosa la tatu ni "uvumilivu" kwa maana ya tofauti ya kipimo inayokubalika. Mwalimu wa ufundi atamwelezaje mwanafunzi kwamba uvumilivu wa silinda ni sehemu fulani ya milimita? Kinachotajwa ni umbali kati ya kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa vinavyoruhusiwa. Tunapendekeza "wigo wa kipimo".

Kosa la nne ni "kiharusi" kwa safari ya pistoni ndani ya silinda. Kiharusi ni maradhi. Hapa Kiswahili kinaweza hata kuwa wazi kuliko lugha tuliyofasiri, kwa kuwa tunatenga mambo mawili. Umbali ambao pistoni husafiri ni "mwendo"; kitendo kimoja cha kupanda au kushuka ni "mpigo". Hivyo 1HZ ni injini ya mipigo minne yenye mwendo wa milimita 100, na hakuna atakayechanganya.

Mwisho wa orodha hii ni "kitalu cha injini". Katika Mkoa wa Manyara neno kitalu lina kazi nyingi tayari. Kuna kitalu cha miche, kuna kitalu cha uwindaji, na huko Mirerani kuna vitalu vya machimbo ya tanzanaiti. Jambo linalounganisha vyote ni eneo la ardhi lililowekewa mpaka. Bloku si eneo. Ni pande moja la chuma lenye matundu ya silinda, njia za maji na njia za mafuta. Neno bloku limekwisha kubalika midomoni mwa mafundi na linachukua viambishi vyetu bila taabu. Hatuoni sababu ya kuliondoa.

Makosa ya karakana

Isidhaniwe kwamba twasema lugha ya karakana ifuatwe kwa kila jambo. Nayo ina upungufu, na upungufu huo nao hukata chuma.

Mathalani kitenzi "kuchonga" hubeba kazi tatu. Silinda ikipanuliwa, imechongwa. Uso wa bloku unaokaliwa na hedi ukisawazishwa, umechongwa. Krenki ikisagwa, imechongwa. Fundi aliyefungua injini anajua anachotaka, lakini bloku hupelekwa kwa mwenye mashine na kijikaratasi kisemacho "ichongwe". Ikiwa uso ndio uliopinda na mwenye mashine akapanua silinda, ukuta uliokuwa mzima umepunguzwa bure. Dawa iliyobaki ni kutia slivu, na hiyo ni gharama nyingine.

Hatari zaidi ni tarakimu zisizo na kizio. Katika karakana husemwa bloku imekwenda "ishirini" au "hamsini". Wanaofuata inchi hukusudia sehemu za elfu za inchi. Wanaofuata milimita hukusudia sehemu za mia za milimita. "Ishirini" ya inchi ni takriban milimita 0.51, na "hamsini" ya milimita ni milimita 0.50: majina mbalimbali, kipimo karibu kimoja. Lakini "hamsini" ya inchi ni milimita 1.27, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa injini ya kawaida tofauti hiyo yaweza kuvumiliwa. Kwa injini ya turbo, ambayo usalama wake unategemea unene wa ukuta, yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya bloku na chuma chakavu. Hapa hatuhitaji neno jipya. Twahitaji desturi ya kuandika kizio kila mara.

Mahali ambapo lugha zote mbili hupwaya ni kazi ya mwisho ya silinda. Karatasi husema "kunoa". Lakini kunoa ni kutia makali, na silinda haina makali. Wengine husema "kung'arisha", na hilo ni baya zaidi, maana silinda iliyong'aa kama kioo haishiki mafuta na ringi hazikai vizuri. Kinachofanywa ni kupitisha mawe ya kusagia ndani ya silinda, yakizunguka huku yakipanda na kushuka, ili yaache michirizi myembamba inayokatana. Seremala hupiga randa na hupiga msasa. Kwa mfano huo huo tunapendekeza "kupiga jiwe".

Mapendekezo

Yafuatayo tunayatoa ili yajaribiwe na kukosolewa.

Bloku: pande kuu la injini lenye silinda, njia za maji na za mafuta.

Pistoni ya kufua. Pistoni ya kusubu: kama ilivyoelezwa hapo juu.

Nafasi ya pistoni: uwazi kati ya pistoni na ukuta wa silinda.

Mwanya wa ringi: uwazi kati ya ncha mbili za ringi ikiwa ndani ya silinda. Neno mwanya, ambalo kila mtu analijua kwa meno, linafaa hapa. Mwanya wa injini ya turbo huachwa mkubwa zaidi, kwa sababu ncha hizo zikitanuka kwa joto na kugusana, ringi huweza kukwaruza silinda au kuvunja pistoni.

Wigo wa kipimo: umbali kati ya kipimo cha chini na cha juu vinavyoruhusiwa.

Kupanua silinda, kusawazisha uso, kusaga krenki: kazi tatu zinazoitwa kuchonga.

Kupiga jiwe: kuutia ukuta wa silinda michirizi ya kushika mafuta.

Bamba la kukazia: bamba nene linalofungwa juu ya bloku mahali pa hedi wakati wa kupanua na kupiga jiwe. Bolti za hedi zikikazwa huipinda silinda kidogo; kwa bamba hilo silinda huchongwa ikiwa katika umbo litakalokuwa nalo injini ikifanya kazi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ni miongoni mwa kazi zake. Kazi hiyo haiwezi kukamilika mezani. Tungeshauri kwamba istilahi yoyote ya mitambo, kabla ya kupitishwa, isomwe na watu watatu: mfasiri aliyeitoa, mwalimu wa chuo cha ufundi stadi, na fundi ambaye hakuiona asili ya Kiingereza. Huyu wa tatu apewe sentensi moja na aulizwe angefanya nini. Akijibu kwamba angetafuta duka lisilouza pistoni za kughushi, neno hilo lirudi mezani kabla bloku ya mtu haijafikishwa kwenye mashine.