Kasi ya Kuamua au Kikomo cha Kughairi? Tahakiki ya istilahi za daftari moja la urubani

Daftari tunalolijadili hapa ni la kijana wa Baraka, katika Fizi, aliyekwenda Nairobi kusomea urubani kwenye uwanja wa Wilson. Aliporudi likizo alitukabidhi akiomba tumsahihishie Kiswahili. Katika ukurasa mmoja ameorodhesha kasi ambazo mwanafunzi wa urubani hutakiwa kuzijua kwa ghaibu, na mbele ya kila alama ameandika maana kwa Kiswahili, ili ajieleze mwenyewe kabla ya kuulizwa na mwalimu. Alama zote huanza na V, ambayo sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huisoma “vitesse” bila kufikiri. VR ameiita kasi ya kuinua pua. V1, kasi ya kuamua. V2, kasi ya usalama. VREF, kasi ya kutua. VS, kasi ya kuzimika.

Mwandishi wa makala haya si rubani. Ili tuweze kusema lolote ilitubidi tusome fafanuzi zenyewe, na hapo ndipo tulipoona kwamba kasoro ya daftari si ya sarufi. Sentensi zake ni safi, na “kuinua pua” ni istilahi nzuri kuliko ile ya Kifaransa, kwa kuwa inataja tendo lenyewe. Kasoro ni kwamba kijana ametafsiri majina badala ya kutafsiri fafanuzi, na baadhi ya majina hayo yalikuwa na hitilafu tangu huko yalikotoka.

Hapana budi tuanze na neno kasi. Katika matumizi ya kawaida kasi hupimwa juu ya ardhi: basi limetoka hapa, limefika pale, kwa muda fulani. Mkazi wa Dar es Salaam anayepanda “mwendokasi”, kama mabasi yaliyoanza huko mwaka 2016 yanavyoitwa, hana maana nyingine kichwani. Lakini mshale anaoutazama rubani hausomi ardhi. Unasoma msukumo wa hewa inayoingia katika mrija mdogo uliotazama mbele, kwa sababu bawa hunyanyuliwa na hewa, wala halijui ardhi inapita upesi kiasi gani. Mvuvi wa Baraka anayepiga kasia dhidi ya mkondo kwenye mlango wa mto anaielewa tofauti hiyo kwa mikono yake: maji yanapita ubavuni kwa nguvu, na mti ulioko ukingoni haujasogea.

Tofauti hii huongezeka kadiri mtu anavyopanda milima. Baraka iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550, na ule wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, karibu mita 1,720. Huko juu hewa ni nyepesi. Ili mshale uonyeshe namba ileile, ndege ya Goma yapaswa kukimbia juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi ile ya pwani kwa asilimia 8 hivi, hata kabla hatujahesabu joto la mchana. Na kwa kuwa nishati ya kitu kinachokwenda hufuata mraba wa kasi, breki zitabeba mzigo uliozidi kwa karibu asilimia 17. Namba haikubadilika katika daftari. Kilichobadilika ni urefu wa njia inayohitajika.

Sasa tufike kwenye V1, ambako ndiko kwenye uzito wa suala hili. Ndege kubwa inapokimbia ili iruke, kuna kasi ambayo, ikishapitwa, haiwezekani tena kusimama ndani ya njia iliyobaki. Hata injini moja ikifa, rubani sharti aendelee na kupaa. “Kasi ya kuamua,” asema kijana wetu. Hakubuni. Kanuni za Marekani zenyewe ziliitambulisha V1 kama kasi ya uamuzi hadi mwaka 1998, fafanuzi ilipobadilishwa. Tangu hapo inasemwa kwamba ni kasi ya juu kabisa ambayo, ifikapo, rubani awe amechukua hatua ya kwanza ya kusimamisha ndege: kukanyaga breki au kupunguza nguvu za injini. Yaani uamuzi umekwisha kupita. Anayeanza kufikiri V1 inapotajwa amekwisha kuchelewa. Kwa kasi ya maili 130 za bahari kwa saa ndege humeza karibu mita 67 kila sekunde. Katika hewa ya Goma ni kama mita 72. Sekunde mbili za kusitasita ni zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira.

Hapa mwanaisimu hawezi kunyamaza. Kiswahili kina kitenzi kisaidizi -kwisha, ambacho kazi yake ndiyo hasa iliyokosekana katika jina la kale: kuonyesha kwamba tendo limetimia kabla ya wakati unaotajwa. Hata katika Kiswahili chetu cha Kivu, kinachokemewa mara kwa mara na walimu wa sarufi, hakuna anayechanganya “anaamua” na “alishaamua”. Tungeweza basi kusema “kasi ya shauri lililokwisha kukatwa”. Hiyo ni sahihi, lakini ni ndefu mno kwa mtu aliyeshika usukani. Tunapendekeza “kikomo cha kughairi”. Kughairi ni kuacha ulichokusudia. Na kikomo ni mahali ambapo ruhusa hiyo inaishia. Wengi kwetu wangesema “kubadili shauri”, na wakitaka waseme hivyo. La muhimu ni neno kikomo, ambalo halimwachii msikilizaji nafasi ya kudhani kwamba kufikiri kunaanzia hapo.

Je, tunapasua nywele bure? Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya aina ya Antonov 32, iliyojazwa kupita kiasi, ilishindwa kupaa katika uwanja wa N’Dolo mjini Kinshasa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika soko la Simbazikita; waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya Hewa Bora haikuweza kupaa Goma, ambako lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilikuwa imefunika sehemu ya njia, ikaangukia mtaa wa Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa hawakupanda ndege yoyote siku hiyo. Hatudai kwamba neno ndilo lililowaua. Tunachosema ni kwamba kikomo cha kughairi huhesabiwa kwa uzito uliopakiwa kweli na njia iliyopo kweli, na watu wetu hujenga na kuuza nyanya palepale njia inapoishia.

Mfano wa jina kupotosha wataalamu upo pia mbali na kwetu. Tarehe 12 Novemba 2001 ndege ya American Airlines ilianguka New York, wakafa watu 265, baada ya usukani wa mkia kukanyagwa kwa nguvu huku na huku mpaka mkia ukakatika. Kasi yake ilikuwa chini ya ile iitwayo kasi ya maneva, VA. Wachunguzi walibaini kwamba marubani wengi waliamini kuwa chini ya kasi hiyo wanaweza kufanya lolote, ilhali kinga yake haikuwahi kuhusu kukanyaga mara kwa mara pande zote mbili.

Yaliyobaki katika daftari hayatuchukui muda mrefu. VREF si kasi ya kutua: ni kasi ya kupita juu ya kizingiti cha njia, yapata mita 15 kutoka chini, na kwa ndege ndogo huwa mara 1.3 ya VS. Magurudumu hugusa baadaye, kwa kasi ndogo zaidi. Tumeandika “kasi ya kizingitini”. V2 tumeiacha, ila tumeongeza maneno “injini moja ikifa”, maana bila hayo “usalama” ni neno tupu.

VS ndiyo iliyotushinda. “Kuzimika” haifai hata kidogo, kwa sababu msomaji atadhani ni injini, na bawa laweza kupoteza nguvu ya kunyanyua huku injini ikinguruma vizuri kabisa. Tena kasi hiyo haikai mahali pamoja: ndege ikigeuka kwa mlalo wa nyuzi 60 bila kushuka, huongezeka kwa asilimia 41. Tulipendekeza “kasi ya kuachwa na hewa”. Kijana alicheka, akasema inafanana na mtu aliyeachwa na mkewe. Kwa penseli ameandika “bawa kuteleza”, akaweka alama ya kuuliza, na tumeiacha alama hiyo ilivyo.