Upepo wa Mirihi na hesabu ya usiku

Duniani, usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2. Mirihi ni gramu 20 tu. Nguvu ya upepo unaopita kwenye mapanga ya turbini hupungua sawasawa na uzito huo, hivyo kabla hujakokotoa lolote umeshagawanya kwa 60. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao hapa hubeba wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba, kule hubeba wati 10. Si ajabu mipango ya safari za Mirihi imezoea kuzungumzia sola na nyuklia, turbini ikaachwa pembeni.

Hata hivyo, katika hesabu hiyohiyo kasi huzidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kwa hiyo kufidia ule upungufu wa mara 60 kunahitaji upepo wenye kasi mara nne tu, au pungufu kidogo. Dhoruba kali za vumbi za Mirihi hufikia mita 27 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni kama ya upepo wa mita 7 duniani. Turbini itazunguka, ingawa ile dhoruba inayotishia kuangusha chombo katika filamu ya The Martian ni chumvi ya watunzi.

Desemba 2022, Victoria Hartwick wa kituo cha Ames cha NASA na wenzake walichapisha hesabu zao katika jarida la Nature Astronomy. Walichukua modeli ya kompyuta ya hali ya hewa ya Mirihi, wakaangalia upepo wa sayari nzima unavyobadilika mchana na usiku na msimu kwa msimu, kisha wakaupitisha kwenye turbini za ukubwa mbalimbali. Mojawapo ni Enercon E33, ya kilowati 330 hapa duniani. Mirihi ilipata wastani wa kilowati 10 hivi.

Ukiishia kwenye tarakimu hiyo utafunga faili. Uzuri wa utafiti ni kwamba ulitazama pia umeme huo unapatikana saa ngapi. Jua likizama, hewa baridi huteremka kwenye miteremko na kingo za kreta; vumbi likitanda, sola hulala na upepo huendelea. Paneli za sola peke yake zilikidhi mahitaji ya umeme ya kambi ya wanaanga kwa takriban asilimia 40 ya muda. Zikiunganishwa na turbini, muda huo ulipanda hadi asilimia 60 na hata 90 katika sehemu kubwa ya sayari. Gari la Opportunity lilinyamazishwa na dhoruba ya vumbi Juni 2018, na chombo cha InSight kikazimika Desemba 2022 vumbi likiwa limefunika paneli zake. Mashine ikifa ni hasara. Kambi yenye watu ni habari nyingine.

Sasa kasoro. E33 ni kipimo cha hesabu tu, maana mtambo wenyewe una uzito wa tani nyingi, na mzigo mzito zaidi uliowahi kutua salama kule, gari la Perseverance, ni tani moja hivi. Itakayofaa itakuwa nyepesi mno, na grisi yake isigande kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wepesi wa mapanga haunitii shaka: helikopta ya Ingenuity iliruka Aprili 2021 kwa mapanga ya mita 1.2 yaliyozunguka takriban mara 2,400 kwa dakika katika hewa hiyohiyo.

Shaka yangu iko kwenye modeli. Vipima upepo vichache vilivyofika Mirihi vilipima karibu na ardhi, ilhali turbini husimama makumi ya mita juu. Tena cha gari la Curiosity kilipata hitilafu tangu kutua mwaka 2012, na cha Perseverance kikapigwa na changarawe zilizopeperushwa na upepo uleule kilioupima. Kabla ya kusafirisha panga hata moja, ningepeleka mlingoti mrefu wenye vipima upepo ngazi kwa ngazi, usimame mwaka mzima wa Mirihi, yaani siku 687 za kwetu, kwenye mteremko ambao modeli inausifia.