Dakika Zilizokatwa

Palipokuwa na kibanda cha video pale Makwale sasa panaanikwa kakao. Mabati ni yaleyale na nguzo ni zilezile, ila ukuta wa mbele umebomolewa ili upepo upite, na kwenye sakafu tuliyokuwa tukikaa tumebanana, punje zimetandazwa juu ya turubai zikingoja jua, ambalo kwetu Kyela wakati wa masika ni la kubahatisha. Sina ugomvi na kakao. Imesomesha watoto na kuezeka nyumba. Ninachosikitikia ni kazi iliyokuwa ikifanyika humo, kazi iliyotaka akili, sikio na adabu, nasi hatukuwahi kuipa jina lenye heshima. Tuliita kutafsiri muvi, na mwenye kuifanya tukamwita DJ, basi.

Wa Dar es Salaam walijulikana nchi nzima. Nani wa rika langu asiyeikumbuka sauti ya Lufufu, ikianza kazi hata majina ya waigizaji hayajamaliza kupita? Matthias Krings, mtafiti wa Kijerumani aliyewafuatilia watu hawa kwa karibu, aliipa makala yake juu ya kazi yao jina la kugeuza wali kuwa pilau. Sisi wa Kyela msemo huo unatukwaza kidogo, maana mchele wetu ukiiva nyumba ya tatu inajua, na hatuoni unadaiwa viungo vya nini. Lakini hebu tukubali: filamu iliyotufikia kutoka mbali haikuwa mchele wa Kyela.

DJ wetu hakurekodi kanda. Alitafsiri papo kwa papo, jioni hadi usiku, jenereta ikinguruma nyuma ya migomba. Ila kazi yenyewe ilianza asubuhi. Kabla filamu mpya haijaonyeshwa kwa watu, aliitazama peke yake, mlango umefungwa, kaunta buku mapajani, akiandika: huyu mtoto wa nani, huyu anamdai nani, hapa nyamaza. Hilo la mwisho lilijaa kwenye daftari lile kuliko maneno mengine yote. Wakati wa maonyesho alikaa ubavuni mwa televisheni, maiki iliyofungwa kitambaa mkono wa kulia, vidole vya kushoto kwenye kitufe cha miksa. Alipotaka kusema aliishusha sauti ya filamu taratibu, hata mtu asijue imeshuka lini. Alipomaliza aliirudisha kabla mlango haujapigwa au upanga haujagonga, ili mshindo utufikie mzima.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na walikuwepo waliomcheka kwa hilo. Kuna siku aliugua, mwenye kibanda akamwomba mwalimu mmoja ashike maiki. Mwalimu alikijua Kiingereza vizuri kabisa, akatafsiri kila neno la kila mtu, hata salamu, hata 'asante' ya mhudumu wa hotelini. Nusu saa haikupita, watu wakaanza kudai kiingilio chao.

Filamu zilizompa kazi kubwa kuliko zote ni zile tatu za Peter Jackson, The Lord of the Rings, zilizoingia kwenye kumbi za sinema duniani Desemba ya 2001, ya 2002 na ya 2003. Kwetu zilikuja baadaye, kwenye CD za kuchoma, picha imepauka, na katika mojawapo kivuli cha mtazamaji wa nchi nyingine kilikatiza mbele ya kioo akienda zake chooni. Watu wafupi wenye miguu ya manyoya, wachawi wenye fimbo, miti inayotembea: vitu hivyo havikumtisha mtu Makwale. Nchi yenye pango la Kyala, mungu wa wahenga wetu, kule ufukweni mwa ziwa, na wazee wanaolitaja jina la Lwembe, mtawala mtakatifu wa kale, kwa sauti ya chini, haihitaji kufundishwa kwamba ulimwengu una zaidi ya kinachoonekana. Ugumu ulikuwa kujua nani ni nani, na kwa nini ajitoe mhanga kwa ajili ya pete.

Wale tisa wanaosafiri pamoja aliwaeleza kwa namna ambayo bado naiona kuwa ya fundi. Alisema hawa ni watu wa rika moja waliotoka kwao. Kwa Wanyakyusa hilo lilitosha. Babu zetu walipokuwa vijana waliondoka vijiji vya baba zao wakajenga vyao, marafiki kwa marafiki, wakala pamoja. Monica Wilson, aliyekaa huku miaka ya 1930, aliviandikia vijiji hivyo vya rika kitabu kizima mwaka 1951. Ni kweli mchawi mzee wa kundi hilo, Gandalf, hakuwa rika la yeyote pale, lakini hakuna aliyeuliza. Tulishajua kwamba anayemwacha mwenzake njiani katika kundi la namna hiyo hatakuwa na mahali pa kula tena.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika filamu ya pili anatokea Faramir, mdogo wake Boromir aliyekufa katika ile ya kwanza. Anawakamata wenye pete na kutaka kuipeleka kwa baba yake. Toleo la sinema halikupi sababu ya kutosha. Unamwona mtu mpole akitenda ukatili, filamu inasonga mbele. DJ wetu alisimamisha picha. Alikuwa ameshaitazama ya tatu, akajua baba huyo ni mtu wa aina gani. Akatuambia: baba yao alikuwa na jicho moja tu la kuonea watoto, na jicho hilo lilimwona mkubwa. Siku ya kumtuma mtu kuifuata pete, mdogo alisimama akasema nitakwenda mimi, baba akamcheka mbele ya watu, akamtuma mkubwa, na mkubwa ndiyo akafia huko. Ndiyo maana huyu anataka kurudi na pete mkononi, apate kutazamwa na baba japo siku moja. Kisha akaachia picha iendelee. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa Kinyakyusa maneno yasiyoandikika juu ya mababa wa namna hiyo.

Miaka ilipita, kijana mmoja wa kwetu akarudi kutoka Dar na boksi la DVD za toleo refu, lile lililotengenezwa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, kila filamu imegawanywa kwenye diski mbili. Tulipofika kwenye ya pili, tulikiona kipande ambacho katika sinema kilikuwa kimekatwa. Baba, Denethor, yuko na wanawe wawili baada ya vita vya Osgiliath. Anamtaka mkubwa akaifuate pete. Mkubwa anasita. Mdogo anajitolea. Baba anamdhihaki, na mkubwa anaondoka kwa shingo upande. Kibandani watu waliacha kutazama televisheni, wakamgeukia DJ. Yeye akasema tu, "Tuendelee."

Hakuwa mganga. Alikuwa ameusikiliza mkato kwa makini hadi akalijua umbo la kitu kilichoondolewa. Huo ndio ufundi ninaousifu. Jackson na wahariri wake walikata wakijua wanachokata. Mtu wa Makwale akapapasa kidonda, akajua palikuwa na nini.

Kwa takwimu, filamu ya kwanza ilikuwa na dakika 178 kwenye sinema na 208 kwenye toleo refu. Ya pili 179 na 223. Ya tatu 201 na 251. Ukijumlisha nyongeza unapata saa mbili na dakika nne, yaani filamu nyingine nzima. Wapo wanaoapa kwamba ndefu ndiyo ya kweli na fupi ni ya wafanyabiashara. Jackson mwenyewe hakusema hivyo; aliyahesabu matoleo ya sinema kuwa ndiyo filamu zake hasa, na yale marefu kuwa kitu cha ziada kwa wapenzi. Nami nadhani alikuwa sahihi zaidi ya mashabiki wake. Ukumbi una watu waliolipa, waliokaa bega kwa bega, ambao mmoja akichoka anawaambukiza wote. Mhariri anayekata kwa ajili yao anawaheshimu. Anayerefusha kwa ajili ya mtu aliyejilaza sebuleni, mwenye rimoti na chai, anamheshimu pia, lakini kwa heshima ya namna nyingine.

Kukata kuna gharama. Kifo cha mchawi Saruman kiliondolewa kwenye filamu ya tatu ya sinema, na Christopher Lee aliyemwigiza hakuficha uchungu wake. Lakini kipo kipande kilichorudishwa ambacho nakionea aibu hadi leo. Mbele ya lango jeusi anatoka msemaji wa adui, uso wote mdomo, kuleta maneno ya bwana wake, na Aragorn, mfalme tunayetakiwa kumpenda, anamkata kichwa akiwa juu ya farasi. Mjumbe hauawi. Hilo mtoto wa Kiswahili analijua kabla hajajua kuhesabu. DJ wetu aliona kipande hicho asubuhi na daftari lake. Jioni kilipofika alibonyeza kitufe, akakipeleka mbele, picha zikakimbia, akaachia pale majeshi yanapokutana. Vijana wakapiga kelele. Hakurudi nyuma. Maneno yake yalikuwa machache: "Hicho hata wenyewe walikitoa." Mtu aliyejazia palipokatwa alijua pia kukata palipojazwa.

Wenye toleo refu, niwape haki yao, hawakubandika tu. Howard Shore alitunga na kurekodi muziki mpya kwa ajili ya vipande vilivyorudishwa, ili wimbo usikatike katikati kama redio iliyoishiwa betri. Jamie Selkirk alipata Oscar ya uhariri kwa filamu ya tatu mwaka 2004, na tuzo ile ilikuwa ya toleo fupi, la ukumbini, moja kati ya 11 zilizochukuliwa usiku ule. Kila upande ulikuwa na mafundi waliokesha.

Sisi tulirefushaje? Wakati huohuo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu zetu za video zilianza kushamiri, na hadithi za mizimu zilikuwemo. Nsyuka ya Mussa Banzi ilichukua hata jina lake kutoka Kinyakyusa. Nilizipenda, na niliogopa usiku kwa sababu yake. Lakini soko likagundua kwamba hadithi moja yaweza kuuzwa mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na urefu ukaanza kutafutwa popote. Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anatoka. Geti linafunguliwa, bawa moja, kisha la pili. Gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, anagonga. Ndani anaulizwa atakunywa nini. Saa mbili za namna hiyo hazikukatwa kwa sababu hapakuwa na aliyekaa asubuhi na daftari.

Kazi ya DJ iliyumba pole pole. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulifika, kila nyumba ikapata televisheni yake, na kibanda kikabaki na walevi na mechi za Ulaya. Wajapani yaliwapata haya mapema zaidi: walikuwa na wasimulizi wa filamu bubu, benshi, waliopendwa kuliko waigizaji, hadi filamu zilipoanza kusema zenyewe miaka ya 1930 wakakosa kazi. Huko kulikuwa na sababu ya wazi. Kwetu filamu bado zinasema Kiingereza, Kikorea na Kituruki, na bado watu hawaelewi kwa nini baba anamchukia mwanawe. Wameacha tu kuuliza.

Kilichokuja badala yake ni mukhtasari. Kwenye simu utakuta filamu nzima imesimuliwa kwa dakika kumi, sauti ya mashine isiyovuta pumzi, picha zikirukaruka: jamaa huyu akafanya hivi, kisha jamaa huyu akafanya vile. Denethor hapo ni jamaa. Kuna sehemu katika filamu ya tatu ambapo amemtuma Faramir kwenye vita vya kufa, naye ameketi anakula nyanya, maji yake yanamchuruzika kidevuni, huku mmoja wa wale wafupi wenye miguu ya manyoya akilazimishwa kumwimbia. DJ wetu pale hakusema hata neno. Alipandisha kitufe kidogo, tukasikia wimbo, na ndani ya wimbo tukasikia kutafuna. Kwenye mukhtasari sehemu hiyo haipo, na sioni ingesimuliwaje.

Majuzi nilikuwa Kyela mjini, nikapita kwa kijana anayejaza muvi kwenye flashi na memori kadi. Nikamwuliza kama anazo zile tatu, toleo refu.

"Zipo, baba, ila siziweki," akanijibu. "Moja inakula nafasi ya muvi tatu, na mteja anataka nyingi."

Nikasema nitalipia hiyo nafasi. Akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayetaka kumwokolea mzee pesa yake.

"Nikuwekee ile ya dakika kumi. Imesimuliwa yote."