Fundi wa Kupunguza

Buguruni, Dar es Salaam, ina mafundi wa kila kitu. Kati ya Sheli na Malapa utampata wa kuchomelea mageti, wa kushona, wa kubadilisha vioo vya simu, hata wa kufufua friji ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Fundi wa tovuti naye yumo humohumo, ila hana kibao mlangoni. Mara nyingi amekaa nyuma ya steshenari, pembeni ya mashine ya fotokopi, na mpita njia hudhani anamchapia mtu barua ya kuomba kazi.

Huenda kweli anachapa. Steshenari ndiyo shule iliyowatoa wengi wao. Kijana anaanza kwa kutoa kopi za vyeti, kisha anaachiwa kadi za harusi na za kipaimara, fulana za msiba zenye picha ya marehemu, mabango ya wagombea. Kadi ya harusi inafundisha kuliko watu wanavyodhani. Jina la bibi harusi lisizidiwe na jina la ukumbi. Namba za kamati ya michango zionekane bila miwani. Maandishi ya dhahabu juu ya karatasi ya krimu hayasomeki, hata yapendeze vipi. Halafu siku moja mteja anauliza, "Na tovuti unatengeneza?" Anajibu ndiyo, na usiku huohuo anaanza kujifunza. Siwalaumu, mafundi wengi wa mji huu walianza kwa ndiyo ya namna hiyo.

Waliotangulia walisota zaidi. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kujikongoja. Mtu alilipia nusu saa kwenye intaneti kafe, akafungua ukurasa alioupenda, akauhifadhi msimbo wake kwenye flashi, akaenda kuuchambua mstari kwa mstari mahali pasipo na mtandao kabisa. Wa siku hizi anavizia bando la usiku na kupakua masomo ya YouTube mtaa ukiwa umelala. Wapo waliopita DIT au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini ukimuuliza fundi anayejitegemea nani kamfundisha, jibu lililozoeleka ni "mwenyewe tu," na analitamka bila majivuno.

Mimi ninachokistahi katika kazi hii ni kipaji cha kupunguza. Chukua picha moja ya kitenge. Mwenye duka Kariakoo ameipiga kwa simu yake nzuri: pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12, uzito wa MB 4. Akizituma kumi, ni MB 40. Fundi asiyejali anazipachika hivyohivyo, na kwenye laptopu yake zinaonekana safi. Lakini mnunuzi yuko ndani ya daladala, ameshika simu ya bei ya chini ambayo kioo chake kina upana wa pikseli 720, na bando lake ni la siku moja. Fundi anayejua kazi anaipunguza kila picha hadi 720 kwa 540. Hapo pikseli zimepungua karibu mara 31. Kisha anaikamua zaidi, kidogo kidogo, huku jicho likiwa kwenye ua la kitenge, maana pindo la ua ndipo picha iliyokamuliwa kupita kiasi huanza kuchafuka. Akifika KB 80 anasimama. Picha zote kumi sasa ni KB 800, na rangi ya nili bado ni nili. Kazi hiyo inaweza kumla jioni nzima, na hakuna mteja atakayeiona.

Nilimtazama mmoja wao akimkabidhi kazi mama mwenye duka la vitenge. Mama aliitikia shikamoo yake, akainama kwenye laptopu, akakunja uso. "Mwanangu, mbona huku umeacha wazi? Jaza basi, mimi nimelipia ukurasa mzima." Alitaka pia maandishi yanayotembea na picha zinazopishana zenyewe, kama alivyoona kwa jirani yake. Fundi hakubishana. Alitoa mfukoni simu yenye kioo kilichopasuka, simu yake ya majaribio, akafungua kurasa mbili: ya kwanza yenye kila alichoomba mama, ya pili aliyoitengeneza yeye. Akampa ashike. Ya kwanza ikawa inazunguka tu. Kwenye ya pili mama alikwishafika kwenye bei ya doti na anaisogeza kwa kidole. "Hii," akasema, kisha akaongeza haraka, "lakini jina la duka likuze." Likakuzwa.

Simu ile mbovu ina elimu yake. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala akipendekeza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo, badala ya kutengeneza tovuti ya kompyuta na nyingine ya simu. Leo hilo ni jambo la kawaida duniani. Ila fundi wa Buguruni anaanzia mwisho: anapanga kwanza kioo kidogo, ndipo anapanua. Anafungua ukurasa kwenye Opera Mini pia, kivinjari kilichosambazwa dunia nzima mwaka 2006 na kupendwa huku kwetu kwa kubana data, kwa sababu humo mbwembwe nyingi za JavaScript hufa. Kitufe kikigoma humo, anakiandika upya kwa njia rahisi.

Kuna vidonda vidogo ambavyo mgeni wa kazi hii havioni. Mteja anatoa namba ya WhatsApp inayoanza na 07. Ukiipachika ilivyo kwenye kiungo cha wa.me, haimfikishi mtu popote. Sharti sifuri itoke, 255 ikae mbele, bila alama ya kujumlisha. Au maneno yetu marefu: "tutakuwasilishia" linaweza kupasua kitufe kwenye kioo chembamba, hivyo anaandika "tunakuletea" na kitufe kinapona. Au video ya tangazo isiyo na maandishi chini yake. Shule ya Viziwi Buguruni ipo mtaani humu tangu mwaka 1974, kwa hiyo fundi wa hapa hana haki ya kusahau kwamba si kila mnunuzi anasikia.

Njia ya kazi yenyewe haijanyooka. Mwezi una tovuti tatu, unaofuata una kadi za harusi tu. Umeme unakatika, laptopu ni ya mtumba na betri yake inadumu kama salamu ya konda. Wateja wanalinganisha bei yake na ya mpwa wao anayejua kompyuta. Wapo waliopanda kutoka hapa wakawa wanafanya kazi za nje na kulipwa kwa dola, na wapo waliorudi kwenye fotokopi. Anayebaki hubakizwa na uangalizi: kusasisha, kuhifadhi nakala, kupokea simu saa tano usiku tovuti ikianguka. Na ndipo tabia ya fundi inapojulikana, kwa sababu baadhi yao husajili kikoa cha .co.tz kwa jina lao wenyewe, wakigombana na mteja wakaondoka nacho.

Kwa hiyo, msomaji mwenye duka: ukimpata anayekuonyesha kazi yako kwenye simu mbovu kabla ya kukuonyesha kwenye laptopu, mlipe nusu kabla hajaanza, umalize iliyobaki siku ya makabidhiano bila kumzungusha. Kabla hujaondoka, mwombe akuonyeshe kwamba kikoa kimesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Fundi mzuri hataona umemkosea.