Mshale Hudanganya
Uchelewaji ni muda unaopita tangu kidole kibonyeze mpaka skrini ijibu. Kwa kompyuta ya Linux ya kuchezea gemu, hiyo ndiyo sifa ya kwanza, na nyingine ni mapambo. Hata hivyo mashine mbovu husifiwa kila siku kwa kuwa namba ya fremu pembeni ni kubwa, kana kwamba wingi wa fremu ndio wepesi.

Asiyejua kupima uchelewaji hutazama mshale wa kipanya. Muuzaji wa kompyuta za mitumba, awe mtaa wa Makiso au wa Mangobo, hulijua hilo: huuzungusha kwenye skrini tupu, ukateleza kama samaki, na mteja akatoa pesa. Ujanja mtupu. Kwa kawaida mshale una safu yake ndani ya kadi ya michoro; hausubiri kompozita, programu inayochora madirisha, ichore vingine. Mjuzi hulishika dirisha kwenye utepe wake wa juu, akalivuta upesi kushoto na kulia, huku macho yake yakiwa kwenye pengo kati ya mshale na dirisha linaloufuata. Pengo la upana wa kidole latosha kuikataa mashine. Wazee wa Kilokele, waliopeleka habari kwa ngoma za mti kando ya mto Kongo, wasingelivumilia hata nusu yake. Kwao pigo lililochelewa lingeweza kuharibu neno.

Dirisha likifaulu, hujaribiwa gemu, nayo ijaze skrini nzima, maana hapo kompozita nyingi hujiondoa njiani. Kadi ikilemewa kwa asilimia 100, fremu hupanga foleni, na kwa Hz 60 kila moja hugharimu karibu milisekunde 17. Dawa ni kuweka kikomo cha fremu, kwa programu ya MangoHud kwa mfano, kadi ipate kupumua. Wayland nayo, mfumo wa madirisha wa Linux, haikuwa na kanuni ya kuruhusu picha iliyokatika, yaani fremu ionyeshwe bila kuisubiri skrini, hadi mwishoni mwa 2022. Anayeogopa mkato na atazame sinema.

Anayebisha apige video kwa simu ya fremu 240 kwa sekunde, ahesabu fremu kati ya kubonyeza na jibu: kila moja ni karibu milisekunde 4. Mhandisi wa programu Dan Luu alipopima mwaka 2017, kompyuta ya Apple IIe ya 1983 ilijibu kibodi kwa milisekunde 30, ikazipita kompyuta nyingi za kisasa. Runinga za zamani zenye mgongo mkubwa nazo zilionyesha picha papo hapo. Hizi bapa huipamba kwanza. Isiyo na modi ya gemu haifai, iwe na inchi ngapi.