Kuanguka Katika Viraba: Uhakiki wa Kidokezo Kimoja

Fumbo la maneno lenye viraba lilizaliwa New York mwaka 1913, katika lugha ambayo maneno yake mengi huishia kwa konsonanti. Kitenzi cha Kiswahili chenye asili ya Kibantu huishia kwa -a. Jambo hili dogo watungaji wetu hawalitilii maanani, na madhara yake niliyaona Ukunda, katika zoezi walilopewa wanafunzi wa shule moja.

Kidokezo kilikuwa neno moja tu, "Angusha", viraba vitano. Na herufi pekee iliyokingamana na neno jingine ilikuwa A ya mwisho. Mtungaji alitaka BWAGA. Mwanafunzi aliandika ANGUA, na jibu lake likahesabiwa kosa.

Kosa ni la nani? Abwagaye hutupa chini mzigo alioubeba. Aanguaye huleta chini kilichoko juu: nazi, madafu, maembe. Ukunda ni nchi ya minazi, na mtoto wa huko amemwona mkwezi akiangua nazi kabla hajajua kusoma. Tena angua, anguka na angusha ni maneno ya shina moja, kwa hiyo jibu lililokataliwa ndilo lililo karibu zaidi na kidokezo. Hatusemi kwamba BWAGA haifai. Twasema kidokezo hakikutenganisha maana, na ile A isingeweza kuifanya kazi hiyo, kwani kila kitenzi cha jamii hii kinayo.

"Anguka" nayo ina mitego yake. Tukipewa viraba vinane, P mwanzoni na KA mwishoni, tuandike POROMOKA au PUKUTIKA? Udongo wa genge huporomoka kwa wingi wake. Majani hupukutika, moja baada ya jingine, hata tawi likabaki tupu. Katika viraba saba DONDOKA hugombana na TEREMKA, ingawa ateremkaye hakuanguka hata kidogo. (Na mvua, licha ya tafsiri nyingi za siku hizi, haianguki: hunya.)

Lipo pia neno la viraba vitatu ambalo sijaliona katika fumbo lolote: GWA. Kimvita kinalo, na methali imelihifadhi: mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Kidigo, lugha ya nyumbani ya wengi wa wanafunzi hao, husema kugbwa. Mkutano wa mwaka 1928, ambao ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika Mombasa kwenyewe. Tangu hapo gwa imekaa pembeni mwa kamusi, na mwanafunzi aliyeizoea masikioni hafikirii kuiandika shuleni.

Kidokezo cha Ukunda kilihitaji neno moja zaidi. Mtungaji angeandika "Angusha mzigo", angepata BWAGA yake. Akiitaka ANGUA, aandike "Angusha madafu".